Siku Bi Madoa Alipofuta Nyota Kongwe

Katika duka lile la uchapaji, doa halikuwa na maisha marefu. Lingeingia asubuhi limejibanza shavuni mwa bwana harusi au pembeni mwa bango la sabuni, na ikifika saa nne limekwisha kusahaulika. Aliyeyamaliza madoa hayo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye miwani mbili zilizoning'inia shingoni kwa kamba: moja ya kuonea picha, nyingine ya kuonea watu. Jina lake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, nyumbani, mpaka kwa muuza mboga, aliitwa Bi Madoa, naye aliitikia bila kinyongo, maana si kila mtu hupewa jina la adui aliyemshinda.

Duka lilikuwa la mdogo wake, mwanamume mwenye maneno mengi na goti bovu. Wateja walimwita Bosi kwa heshima. Dada yake alimwita hivyo hivyo kwa kejeli. Printa kubwa, ile ya kuchapa mabango, iliendeshwa na binti wa Bosi, msichana wa miaka ishirini na minne aliyeisemesha mashine yake kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kula. Walikuwa watatu tu, wote damu moja, na kama ilivyo kwa ndugu wanaofanya kazi chumba kimoja, kila mmoja aliamini kwamba bila yeye duka lingefungwa kabla ya adhuhuri.

Jumatatu moja aliingia mwanamke mrefu aliyevaa raba, amebeba mkoba mzito kama tofali. Alijitambulisha kuwa ni Daktari kutoka chuo kikuu. Bosi hakumngoja aendelee.

"Daktari, afadhali umekuja," alisema, akikunja mguu wa suruali. "Goti langu hili, nikipanda ngazi linalia kama mlango."

"Mimi ni daktari wa nyota."

"Ala!" Bosi akaishusha suruali. "Basi nyota yangu haina neno. Mgonjwa ni goti."

Daktari alicheka mpaka ikabidi aweke mkoba chini. Kisha akaeleza shida yake. Maktaba mpya ya mji ilikuwa inafunguliwa Jumamosi ile, saa nne asubuhi, na ukutani mwa ukumbi wa kuingilia palitakiwa picha ya galaksi, mita tatu kwa mbili. Galaksi, alimweleza Bosi, ni kama mji wa nyota; na sisi, pamoja na jua letu, ni wakazi wa mji mwingine unaofanana na huo. Akatoa flashi.

"Humo mna faili mbili. Ya rangi ndiyo ya kuchapa. Ya kijivu ni ya darasani, msiihangaikie. Ila nawaomba, ichapeni kama ilivyo. Msiongeze, msipunguze."

"Kama ilivyo," Bosi aliitikia, kisha akarudi kwenye habari za goti. Maneno yale yakaingilia sikio la kulia yakatokea la kushoto, na kwa dada yake hayakufika.

Jumanne asubuhi Bi Madoa alifungua faili, akavaa miwani ya picha, akasogea karibu. Mbele yake palikuwa na duara kubwa lililojiviringisha kama maji yanayozama kwenye tundu la sinki. Katikati iling'aa nuru ya manjano, na kutoka hapo mikono miwili mirefu ilijizungusha kwenda nje, imejaa punje za buluu zinazometameta na vidoa vya waridi hapa na pale. Ilimpendeza. Lakini baina ya punje zile, juu yake na chini yake, kulikuwa na ukungu. Ukungu wa rangi ya chai iliyozidi maziwa, umetanda kila mahali, mzito kwenye mikono na mwepesi palipobaki.

"Yaani watu hawa," alinong'ona, "wananunua kamera ya kufika mbinguni, halafu kufuta kioo cha mbele kunawashinda."

Ukungu wa namna ile aliujua. Ndio unaopanda kwenye picha za zamani zilizolala kabatini, na yeye alikuwa ameuondoa kwenye nyuso za mabibi mamia kwa mamia. Akashika kipanya. Alifuta taratibu, kwa subira ya mtu anayechambua mchele, akizunguka kila punje ya buluu bila kuigusa. Chai alikunywa palepale. Ilipofika saa saba mchana ukungu haukuwepo tena. Weusi ulikuwa weusi wa kweli, na punje zikasimama juu yake kama shanga juu ya mahameli.

Binti wa Bosi akaja kuchungulia. "Shangazi, hii inawaka! Ile ya mwanzo ilikuwa kama imelala."

"Ilikuwa chafu, mwanangu. Uchafu hulaza kitu."

Jumatano ikachapwa kwenye turubai. Printa ilikwenda na kurudi, ikakohoa mara moja, ikabembelezwa, ikaendelea. Picha ilipoanikwa, Bosi alimwita jirani yake fundi viatu aje kuona kazi ya familia. Fundi viatu alisema hajapata kuona kitu kama kile, na kweli hakuwa amepata kuona.

Alhamisi Daktari alipita kuangalia tu maendeleo. Alisimama mbele ya turubai, mkoba begani. Binti alisimama pembeni akitabasamu, akingoja sifa. Sifa hazikuja. Daktari alikwenda kushoto, akaja kulia, akainama, akainuka.

"Wazee wangu wako wapi?" akauliza.

Bosi alitazama mlangoni. "Kwani ulikuja na wazee?"

"Humu, kwenye picha. Palikuwa na nyota kongwe, mabilioni kwa mabilioni. Nani amezifuta?"

Bi Madoa alishusha miwani ya picha, akapandisha ile ya watu. "Nyota sikugusa hata moja. Nilitoa uchafu tu."

"Uchafu gani?"

"Ule ukungu. Wa rangi ya chai."

Daktari alikaa juu ya boksi la wino. "Mama," alisema kwa upole, "ule ukungu ndio wao."

Si rahisi mtu wa miaka thelathini na mmoja kazini kuambiwa hivyo mbele ya mdogo wake. Bi Madoa alijikaza. "Mwanangu, nyota mimi naijua tangu utotoni. Ni kitu kinachometa. Kile hakikumeta."

"Hazimeti kwa sababu kila moja ni hafifu, ziko mbali mno, na ni nyingi kupita kiasi. Ukiangalia lundo la mchanga kutoka ng'ambo ya barabara, unaona punje?"

"Naona mchanga."

"Basi."

Lile "basi" lilimkera kuliko yote. Daktari akaomba kompyuta, akafungua faili ya pili, ile ya kijivu. Alieleza kwamba ilikuwa galaksi ileile, ila imepigwa na kamera inayopokea mwanga ambao jicho la binadamu haliupati, mwanga ulio ng'ambo ya mwekundu. Katika mwanga huo zile punje za buluu, ambazo ni nyota changa, hufifia, na wanaobaki kuonekana zaidi ni wazee.

Bi Madoa akabadili miwani, akasogea. Watu wa picha hawahitaji maneno mengi. Mikono ilikuwepo, yote miwili, mipana na laini, mizima toka mwanzo hadi mwisho, kama mikono ya mtu aliyelala chini ya shuka. Akaiweka kando ya picha aliyoisafisha. Kwenye yake mikono ilikuwa imekatika vipande: shanga tano hapa, pengo, shanga mbili, pengo tena. Mapengo yale alikuwa ameyaona tangu Jumanne, akadhani ndivyo Mungu alivyopenda.

"Kumbe mkono ndio huu," alisema, kidole juu ya kijivu.

"Ndio huo. Uzito uko hapo. Zile za buluu ni chache, ila moja yake inaweza kuwaka kuliko jua mara elfu kumi, kwa hiyo zinateka macho ya watu. Mkono wenyewe ni mahali pa msongamano. Nyota kongwe zikifika hapo zinakawia, zinavutana, na mawingu ya gesi yanabanwa humo mpaka yanazaa nyota mpya. Basi hizo mpya za buluu, kwa ule moto wao, hazikawii kuisha. Nyingi zinakufa kabla hazijatoka mkononi."

"Masikini. Na kongwe?"

"Zinaingia, zinakawia, zinatokea upande wa pili, zinaendelea na mzunguko. Jua letu limeshazunguka mara ishirini hivi."

"Na halijachoka?" aliuliza binti.

"Liko katikati ya umri wake."

"Kama mimi," Bosi akadakia.

"Wewe nyamaza," dada yake akasema. "Goti lako peke yake limezunguka mara arobaini."

Walicheka, kisha kicheko kikaisha na picha ikabaki palepale ukutani, inang'aa na imekosewa. Bi Madoa aliiangalia muda mrefu. Alikumbuka subira ile yote ya Jumanne, saa nne za kuwafuta wazee wa watu mmoja mmoja, na alivyojisifu.

"Nimekosa," akasema.

Binti, ambaye katika maisha yake hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa shangazi yake, alizima feni ili asikie vizuri, kisha akaona aibu akaiwasha tena.

Bosi alikohoa. "Kusema kweli, Dada... Daktari aliniambia ichapwe kama ilivyo. Nadhani sikukupa salamu hizo."

Bi Madoa alivaa miwani ya watu akamtazama mdogo wake kwa muda usiopungua dakika nzima. Bosi mwenyewe alisimulia baadaye kwamba angependelea matusi.

Sasa ikawa kutafuta dawa. Kuchapa upya kulikuwa rahisi kusema, ila jora la turubai pana lilikuwa limeishia kwenye picha ileile, na jora jipya lingefika Jumatatu. Binti alipiga simu kwa maduka matatu. Yote yalikuwa na turubai nyembamba tu. Kuunga vipande viwili? Daktari alitikisa kichwa: mshono ungepita katikati ya galaksi kama kovu la upasuaji.

"Basi tuiache hivi," Bosi akapendekeza. "Nani atajua?"

"Mimi," alisema Daktari.

"Na mimi," alisema Bi Madoa. Akamgeukia binti. "Huu wino wako ukishakauka, unashika rangi ya mkono?"

"Ukipaka nyepesi, unashika. Kwa nini?"

Bi Madoa alikwenda chumba cha nyuma, zikasikika sauti za kiti kuburutwa na vitu kuanguka, akarudi na kopo la bati lenye vumbi. Ndani mlikuwa na brashi nyembamba, pamba, na vipande vya sponji vilivyokauka kama makoko. Kabla ya kompyuta kuingia dukani, alipokuwa msichana, kazi yake ilikuwa kutia rangi picha nyeusi na nyeupe: midomo, tai, maua ya gauni. Wateja walikuwa wakichagua rangi ya macho wanayoitaka. Binti alikodoa yake.

"Shangazi, mimi nilidhani kazi yako ni kufuta tu."

"Hata mimi nilikuwa nimeanza kusahau."

Ijumaa saa mbili asubuhi turubai ililazwa juu ya meza mbili zilizounganishwa. Picha ya asili ilikuwa kwenye kompyuta kando, na ile ya kijivu ilichapwa kwenye karatasi ya kawaida. Binti akaichora miraba, halafu akavuta nyuzi juu ya turubai kutengeneza miraba ileile kwa ukubwa, ipate kuonekana wapi pazito na wapi pepesi. Bi Madoa alichanganya rangi kwenye sahani: nyeupe, manjano, tone la kahawia, tone dogo zaidi la nyekundu. Alijaribu kwenye kipande cha turubai kilichobaki. Mara ya kwanza ilikaa kama lipu ya ukuta. Alisonya, akafuta, akajaribu tena. Mara ya nne akanyamaza, na binti akajua imekubali.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchovya sponji, kuigonga kwenye gazeti mpaka ikaribie kukauka, halafu kuigusisha turubai kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Gusa, inua. Gusa, inua. Kila ikifika kwenye punje ya buluu, anaizunguka. Kufika saa tano alikuwa amemaliza robo ya mkono mmoja, kiuno kinamlalamikia, na yeye anaimba kwa sauti ya chini bila habari.

Daktari alikuja mchana baada ya kufundisha, akavua raba, akaomba brashi. Alipewa. Baada ya dakika kumi akanyang'anywa.

"Mwanangu, niwie radhi," alisema Bi Madoa, "una mkono wa ubaoni. Wewe nisomee ramani."

Basi akawa msoma ramani. "Mraba wa nne, safu ya sita: pazito. Wa tano: pazito zaidi. Wa saba hapo, punguza."

"Na hapa kati ya mkono na mkono? Niache weusi?"

"Usiache. Wazee wamo kila mahali. Ila mkononi wamebanana zaidi."

"Kama sokoni na njiani kwenda sokoni."

"Kabisa."

"Ungesema hivyo toka Jumatatu," Bi Madoa alinung'unika, "leo ningekuwa nimekaa."

"Mama, Jumatatu nilikuwa natibu goti."

Bosi, aliyekuwa amepewa kazi ya kubadilisha maji na hakuruhusiwa kugusa kitu kingine, alijifanya hakusikia.

Saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado dirishani, Bi Madoa aliweka sponji chini. Nyuzi zikatolewa, feni ikaelekezwa kwenye turubai, wote wakarudi nyuma mpaka migongo ikagusa ukuta wa pili. Mikono ilikuwa imeungana. Shanga za buluu hazikuwa zimeelea tena gizani. Zilikuwa zimekaa juu ya kitu. Daktari aliitazama sana, kisha akasema, "Wamerudi," akaanza kutafuta raba zake.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa. Watu waliingia, wakainua vichwa, wakasema "aah", wakapiga picha za simu wamesimama chini ya sehemu yenye buluu nyingi. Bi Madoa alikaa kiti cha nyuma, amevaa miwani ya watu, akisikiliza. Hakuna aliyetaja ukungu, hata mmoja. Kwanza alinuna. Halafu akakumbuka kwamba katika miaka yake yote ya kazi, siku alizopatia ni zile ambazo watu hawakuona chochote.

Mgeni rasmi alikuwa bwana mnene mwenye tai nyekundu. Baada ya hotuba alisogelea picha, akaikagua kwa makini kama mtu anayenunua shati, kisha akasema, "Picha nzuri, ila naona ina vumbi vumbi hapa." Akatoa leso mfukoni.

Hakuna aliyemwona Bi Madoa akiinuka. Alionekana tu ameshafika, katikati ya leso na turubai.

"Usiguse, Mheshimiwa! Hao ni wazee!"

Mgeni rasmi alirudi nyuma hatua mbili, akatazama picha, akamtazama mama mfupi aliyemzuia kwa mikono yote miwili. "Wazee wa nani?" akauliza.

Ikabidi aelezwe. Daktari alikuwa mwisho wa ukumbi, hivyo aliyeeleza ni Bi Madoa mwenyewe: mchanga wa ng'ambo ya barabara, soko na njia ya soko, changa zinazowaka na kuisha, kongwe zinazopita na kuendelea. Alipomaliza alikuta watu thelathini wamemzunguka, na mmoja akamwita Profesa. Hakusahihisha.

Jumatatu jora jipya likafika. Bosi aliona hakuna haja ya kulifungua kwa kazi ile. Watu wameridhika, mgeni rasmi amepongeza. Dada yake hakutaka kusikia.

"Ile ni kiraka. Chapeni ya kweli, kama ilivyo. Unasikia? Kama, ilivyo."

Ikachapwa kama ilivyo, ikatundikwa maktaba, na aliyegundua mabadiliko hakujitokeza. Ile ya mkono Daktari aliiomba, akaenda nayo chuoni. Baada ya wiki mbili alipiga simu dukani. Alikuwa ameitundika darasani, akawapa wanafunzi wake kazi ya kuilinganisha na picha ya asili na kutafuta palipokosewa.

"Wamepata makosa kumi na moja, Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kucheka.

"Kumi na moja?" Bi Madoa alivuta kiti, akaomba kalamu kwa ishara, akavaa miwani ya picha ingawa hapakuwa na picha. "Mimi nayajua saba. Hebu nisomee hayo mengine, pole pole."